Muulize Shangazi: Redio isiyo na risiti

Toleo lililopita niligusia hapa foleni za sukari za miaka ya themanini, sentensi mbili tu, tena nilikuwa naongelea vikoba wala sio vita, basi simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Wengine mmeandika kwa hasira, wengine mnataka kujua kama ni kweli watu walikuwa wanaacha mawe ya kuwashikia nafasi kwenye foleni wakaenda kulala. Ni kweli, nitalifikia hilo mwishoni. Nimechagua barua nne na kiswali kimoja cha mtoto, zilizobaki mnisamehe.

*"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23, nasoma chuo hapa Dar. Babu yangu kila tukikaa anasema zamani watu walikuwa na utu, ubepari ndio umeharibu, siku hizi mtu anakuuzia hadi maji ya kunywa. Sasa huyo huyo babu ndio anatuhadithia walivyokuwa wanaamka usiku kupanga foleni ya sabuni. Utu gani huo wa kukosa sabuni? Na vita ya Kagera ilikuwa kule mpakani, sabuni ya Dar ilikosekanaje?" (Msomaji, Sinza)*

Marahaba mwanangu. Tuanze na sabuni manake hilo ndio rahisi.

Idi Amin wa Uganda aliingiza majeshi kwetu mwisho wa Oktoba 1978, akatangaza kipande chote cha kaskazini ya mto Kagera ni cha kwake, daraja la Kyaka likavunjwa siku hizo hizo, na tarehe 2 Novemba tukamsikia Mwalimu Nyerere redioni na ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita yenyewe haikuwa ndefu, ila bili yake ndio inatajwa kuwa kama dola milioni 500, kwa nchi ambayo ilikuwa inaishi kwa kuuza pamba, kahawa na katani. Malori na mabasi yakachukuliwa kwenda vitani, ya serikali na ya watu binafsi, kwa hiyo mazao yakabaki kwenye magodauni vijijini hayana wa kuyabeba. Mazao yasiposafiri dola haziingii, dola zisipoingia kiwanda cha sabuni hakipati malighafi wala spea, na zile kidogo zilizopo zimeenda kwenye mafuta na silaha. Kiwanda cha sukari cha Kagera nacho kilikuwa huko huko kwenye njia ya vita, kikaporwa. Ndio hivyo risasi ya Kyaka ilivyofika kwenye beseni la kufulia Ilala.

Ila babu asikudanganye kwamba vita peke yake ndio ilileta yote, chungu kilishakuwa na ufa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, bei ya kahawa ilishuka baada ya neema ya mwaka huo huo, 1979 mafuta yakapanda dunia nzima, na maduka ya watu binafsi huku kwetu yalishaanza kufungwa 1976 kwenye Operesheni Maduka eti ushirika utauza kila kitu. Vita ikakipiga teke hicho chungu. Tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18. Wapo wazee hadi leo ukiwauliza miezi 18 iliisha lini wanacheka tu.

Sasa utu. Hapa nitakupa ya nyumbani kwetu halafu uamue mwenyewe.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Lori lilipochukuliwa akaenda nalo, hakuwa mwanajeshi, kazi yake kubeba magunia na baadae kubeba watu. Akarudi katikati ya 1979 amekonda, ana blanketi la jeshi, ndani ya blanketi kuna redio kaseti ya spika mbili. Mtaa mzima hakuna mwenye redio kaseti. Mama akamuuliza umenunua? Akasema nimepewa. Umepewa na nani? Akaomba maji ya kuoga. Kwa nyuma ya ile redio kulikuwa na jina la mtu limekwaruzwa kwa msumari, jina la Kiganda. Mama hakusema neno lingine, akaitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe, akaiweka kabatini ile sehemu yenye jina ikiangalia ukutani. Tukawa tunasikiliza mpira hapo, na majirani wanajaa sebuleni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza imetoka wapi manake wote walijua.

Hao ndio watu wa zamani. Mama huyo huyo mwaka 1981 alipata doti moja ya khanga kwenye duka la ushirika, akaikata, kipande chake kimoja cha jirani kimoja, wakawa wanavaa nguo moja na msemo mmoja nyumba mbili. Halafu jirani huyo huyo aliyegawiwa khanga siku aliyosikia usiku kwamba kesho sukari inashuka hakutuambia, tumekuja kumkuta yuko wa tatu kwenye foleni anatuangalia kama hatufahamu. Mama alinuna wiki nzima, wiki ya pili akaenda kuomba chumvi, akapewa.

Kwa hiyo nikisikia zamani kulikuwa na utu najiuliza utu upi. Tuligawana kwa sababu hakukuwa na kwingine pa kupata, mtu ukimnunia jirani leo kesho utafulia majani ya mpapai peke yako. Na tulifichana kwa sababu hiyo hiyo. Leo nikiishiwa chumvi namtuma mtoto na mia tano, jirani yangu wa geti la pili hata hajui kama nimeishiwa na mi sijui kama yeye yuko hai hadi nione turubai. Babu yako anamkumbuka yule jirani ila foleni ameisahau. Na hilo la maji ya chupa amuulize mama yako amchemshie, asichoke kulalamika bure.

*"Shangazi mi nina duka la rejareja Mbagala. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyopotea nilikuwa na mifuko mitano niliyonunua bei ya zamani. Bei ikafika elfu nne kwa kilo na mi nikauza elfu nne kama wenzangu. Sasa kuna mama mmoja tangu siku ile ananiita mlanguzi mbele za watu, tena kwenye msiba. Nimefanya kosa gani? Si ndio biashara?" (Mama Duka)*

Pole mama. Hilo neno alilokuita lina umri wake, na yawezekana huyo mama ana umri wa kulijua vizuri.

Mwaka 1983 mlanguzi lilikuwa neno la kukupeleka ndani. Sokoine alirudi uwaziri mkuu, msako wa wahujumu uchumi ukaanza, sheria maalumu ikapitishwa, na watu wakawa wanaulizwa risiti za vitu vilivyo ndani kwao. Mtu ana katoni ya sabuni anaamua kwenda kuitupa porini usiku. Wapo walanguzi wa kweli walikamatwa na wapo mama ntilie waliokamatwa na madebe mawili ya mafuta. Kwetu sisi hofu ilikuwa ile redio, manake haina risiti na ina jina la mtu mgongoni. Baba akakaa na kisu cha jikoni usiku akilikwangua lile jina, nakumbuka ule mlio, halafu akaizika kwenye gunia la mkaa. Wiki tatu mama anachota mkaa kwa kukwepa redio.

Mwaka unaofuata, 1984, serikali hiyo hiyo ikasema mwenye dola zake alete bidhaa, hatutamuuliza amezitoa wapi. Novemba 1985 akaingia Mzee Mwinyi, mambo yakawa ruksa, 1986 tukasaini na shirika la fedha la kimataifa, IMF, wale wale ambao Mwalimu mwanzoni mwa 1980 aliuliza tangu lini wamekuwa wizara ya fedha ya dunia. Maduka yakajaa. Na aliyekuwa mlanguzi akawa mfanyabiashara, siku hizi tunamwita mjasiriamali na anapewa kipaza sauti kwenye semina afundishe vijana. Kazi haikubadilika sana, limebadilika neno. Ndio maana likirudi linauma.

Sasa wewe. Mi sitakwambia umetenda dhambi, ukiuza mifuko mitano bei ya zamani wa sita utaununua bei mpya na mtaji umekatika, hilo kila mwenye duka analijua na wanaokusema hawalijui. Ila wakati ule kulikuwa na bei elekezi, rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kutegemea na eneo, kwa hiyo wewe na wenzako wote mlikuwa juu ya mstari, kusema wenzangu walifanya haisaidii. Na kuna swali moja ambalo barua yako imelikwepa: uliiweka mezani au uliiweka chini ya meza? Kwa lugha ya zamani mwenye kuuza ghali aliitwa mkali, mlanguzi alikuwa yule anayekwambia hakuna na mfuko uko nyuma ya pazia. Kama ulisema hakuna hata siku moja huyo mama anakumbuka.

Ningekuwa mimi ningefungua daftari la mkopo, ningeangalia wale wanaonilipa kila mwisho wa mwezi mwaka wa tano sasa, ningewapimia robo robo bei ya zamani hadi mfuko mmoja uishe, hiyo minne nikauze kwa bei elekezi. Hasara ya mfuko mmoja ni ndogo kuliko kusemwa msibani. Hata sasa hujachelewa, mpelekee kilo mbili kimya kimya bila maelezo, ataelewa.

Niongeze moja maana linanikera. Ile sukari ya 2024 ilikuwa mvua, viwanda vilishindwa kuvuna miwa. Ila 2022 Urusi ilipoingia Ukraine, petroli hapa Dar ikavuka elfu tatu kwa lita, mafuta ya kula yakapaa, serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 mwezi Juni. Umeona foleni? Hakuna. Vita ya kwetu ya 1978 ilikuja na foleni, ukiwa mlalahoi au karani wote mnasimama juani, hata gari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana ilikuwa marufuku barabarani kubana mafuta. Wenye vibali walipita mlango wa nyuma, ndio, tuliwaona, na tuliwasema sana. Vita za siku hizi zinakuja kama bei tu kwenye mbao ya sheli. Mwenye pesa anajaza tenki anaondoka hajui hata kama kuna vita, na bodaboda wa hapa kwangu anaacha kula mchana. Na kwa sababu hakuna foleni hawaonani hata siku moja, mmoja hajawahi kusimama nyuma ya mwenzie. Mi foleni nazichukia hadi kesho, lakini hilo nalikumbuka.

Ile redio baba aliiuza 1986 Kariakoo ili ninunuliwe sare na viatu vya sekondari, viatu vyenyewe vya mitumba, tulikuwa tunaita kafa Ulaya. Aliyeinunua hakuuliza risiti. Aliuliza kama inashika kaseti.

*"Shikamoo Shangazi, mimi ni mwalimu huku Muleba. Bibi zetu wanasema ukimwi ulivyoingia Kagera uliitwa Juliana. Wanafunzi wananiuliza Juliana alikuwa nani, nami nashindwa kujibu." (Mwalimu)*

Marahaba mwalimu. Juliana hakuwa mtu, ilikuwa nguo. Nguo ya fasheni iliyokuwa inavushwa kwa magendo kutoka Uganda baada ya vita, wakati huo mpaka una pesa kuliko shamba. Kijana aliyekuwa anavuka na mzigo akirudi anaivaa, anajulikana, wasichana wanamjua. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwenu 1983, na waliokuwa wakionekana kukonda na kufa mwanzoni wengi walikuwa ni hao hao vijana wa magendo, ndio wazee wakaunganisha wakasema hawa wamewadhulumu Waganda kwenye biashara na Waganda wamewaroga. Ugonjwa ukapewa jina la bidhaa.

Usiwaambie wanafunzi kwamba vita ndio ilileta ukimwi, kirusi hakikuzaliwa vitani. Waambie kilipita njia ambayo vita na njaa ya bidhaa viliifungua, malori, nyumba za kulala wageni, pesa ya haraka mfukoni mwa mtu wa miaka ishirini. Na waambie hivi pia: wale vijana walikuwa wanachekwa wakiwa hai na wanahukumiwa wakiwa wamekufa, lakini sabuni na chumvi walizovusha zilitumika kwenye nyumba zile zile zilizowahukumu. Walioachiwa watoto ni bibi zenu. Mwulize bibi mmoja akuhesabie wajukuu aliolea, nenda na kilo ya sukari, utakaa hapo hadi jioni.

*"Shangazi hujambo. Mimi naandika kutoka Mombasa. Nyinyi Watanzania mlikuwa mkituita manyang'au, na wakati huo huo mwaja Taveta kununua Kimbo na dawa ya meno. Babangu alijenga nyumba kwa pesa zenu. Nauliza tu, mlikuwa mkitudharau kweli ama ilikuwa wivu?" (Mwana wa Taveta, sasa Kisauni)*

Sijambo mwanangu, na baba yako Mungu amzidishie, alitupiga bei sana.

Vyote viwili. Mpaka ulifungwa 1977 hadi 1983, kwa hiyo kila kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo lililofika Moshi lilikuwa kosa la jinai. Huku tulifundishwa shuleni kwamba kwenu ni nchi ya mtu kula mtu, na kwenu wakajibu kwamba kwetu ni mtu hana cha kula, na sisi watoto tulicheka yote mawili manake yote tuliyaona. Tulichorewa bepari mwenye tumbo kubwa na mirija amemchomeka mfanyakazi, halafu nyumbani mama anakamua dawa ya meno ya Kenya ya mwisho kwa kuikunja na chupa. Mtoto ukiwa na mkebe wa Kimbo wa kubebea uji shuleni unaonekana wa kwenu wana mambo. Tulichokuwa tunakidharau ndicho tulichokuwa tunakiokota.

Na nyie msijisifu sana. Kahawa yetu ya Kilimanjaro iliyovuka usiku kuja huko haikuandikwa popote kama ya kwetu, nayo ilijenga nyumba.

Kuna jambo moja mi naliona lilikufa kwetu baadae kabisa, wala sio kwenye vita. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilisema kiongozi hana ruhusa ya mishahara miwili, wala hisa, wala nyumba ya kupangisha. Februari 1991 kikao cha chama tawala, CCM, kilichokaa Zanzibar kikalegeza, ikaruhusiwa. Hakukuwa na mlio wowote, hakuna lori lililochukuliwa, mi nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikumbuki hata nilikuwa nafanya nini siku hiyo. Miaka michache tu mbele neno ndugu likaanza kutoka midomoni, akaingia mheshimiwa. Nyie mlikuwa mna mheshimiwa tangu zamani, kwa hiyo huenda hamkusikia tofauti.

*"Bibi Shangazi, mimi nipo darasa la sita. Mama amenisomea kuhusu mawe ya foleni. Je, watu walikuwa hawaibi nafasi? Na jiwe lako lilikuwaje?"*

Walikuwa wanaiba sana tu mjukuu wangu. Unaamka saa kumi alfajiri unakuta jiwe lako limesogezwa nyuma ya ndala ya mtu, hapo ndio ngumi zinaanza, na wengine walikuwa wanaweka mawe mawili eti la pili ni la dada yangu anaumwa. Mwenye akili aliweka kitu ambacho hakifanani na cha mwenzie, kopo lenye kutu, kiatu kimoja, kuna babu mmoja aliweka kibao cha mbuzi na akawa anakuja kukikagua kila baada ya saa.

La kwetu lilikuwa nusu tofali, mama amelichora msalaba kwa mkaa, mvua ikinyesha msalaba unafutika na mimi ndio natumwa kwenda kulala nalo. Juzi nilimuuliza mama liliishia wapi. Akasema walilijengea kwenye msingi wa choo mwaka 1988, wakati saruji ilishaanza kupatikana.